Unadaiwa na watu sita: anza na nani?

Kibanda changu cha pesa za simu kiko Busia, upande wa Uganda, karibu na malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Nilipoanza kazi hii mwaka 2013, watu walikuja dirishani kutoa hela waliyotumiwa. Mtoto wa Kampala kamtumia mama yake, mume aliye Juba kaleta ya posho na mafuta ya taa. Siku hizi wengi wanaokuja asubuhi na mapema wanatoa hela ambayo hakuna mtu aliyewatumia. Wamebonyeza namba usiku wakiwa kitandani, wakajikopesha.

Nina mteja mmoja, mama muuza mukene, yaani dagaa, anayeleta mzigo kutoka Majanji ziwani. Ana laini mbili kama sisi wengi wa mpakani, moja ya Uganda na moja ya Kenya. MoKash, mkopo wa simu wa MTN, ilipoingia hapa mwaka 2016 aliipokea, na Fuliza, ile ya M-Pesa, ilipoanza ng'ambo Kenya mwaka 2019 akaipokea pia. Kwa hiyo ana madeni katika nchi mbili. La huku likiiva, anakopa ng'ambo, anabadilisha hela mpakani, analipa. La ng'ambo likiiva, anarudi huku. Kila safari mbadilishaji anakata chake na mimi napata kamisheni yangu. Sisi wawili tunashiba, yeye na mukene wake wanakauka juani.

Simcheki. Mwaka 2022 mimi mwenyewe nilikuwa nadaiwa na watu sita kwa wakati mmoja, nikiwa nimekaa nyuma ya dirisha hilohilo nikihesabu hela za wengine. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Sawa. Lakini hawakusema ulipe lipi kwanza, na hilo ndilo lililonichukua miezi kuelewa. Hapa naeleza nilivyofanya, hatua kwa hatua, pamoja na mahali nilipokosea. Mimi si mwanasheria wala mtu wa benki.

Andika yote, hata lile unaloliona haya

Chukua daftari, si simu. Simu ndiyo iliyokuingiza humo, na ukiishika utaanza kusoma ujumbe wa madeni na moyo utakuishia njiani. Piga mistari mitano: nani ananidai, kimebaki kiasi gani, riba ni shilingi ngapi kwa mwezi, siku ya kulipa, na ameshika nini changu. Huo mstari wa mwisho usiuruke. Mtu aliyeshika karatasi ya kiwanja chako na mtu aliyeshika urafiki wako hawakudai kwa namna moja.

Langu lilisomeka hivi, Agosti 2022, kwa shilingi za Uganda:

Mkopo wa simu, 200,000. Mkopeshaji wa mjini, 1,000,000. Kikundi chetu cha akina mama, 600,000. Hajati anayenipa bidhaa kwa jumla, 380,000. Dada yangu, 250,000. Shule ya mtoto, 420,000, ada ya muhula mzima.

Jumla 2,850,000. Kabla ya kuandika, ukiniuliza ningekwambia nadaiwa kama milioni moja na nusu. Sikuwa nadanganya. Kichwa cha mdaiwa huhesabu yale tu yanayopigiwa simu, na Hajati hapigi simu, dada hapigi simu.

Kama una mume au mke, andikeni pamoja. Mimi nilimwita mzee wangu, ambaye ni taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, tukakaa mezani watoto wakiwa wamelala. Alisoma orodha yangu, akanyamaza sana, kisha akasema, "Mama watoto, na mimi kuna karatasi niliweka sahihi." Alikuwa amemdhamini rafiki yake kwenye mkopo wa bodaboda, na huyo rafiki alikuwa amesimama kulipa miezi miwili. Usiku ule hatukuzungumza tena. Kesho yake tuliongeza mstari wa saba na kuupa jina "linalokuja". Bahati yetu rafiki alianza kulipa tena, lakini deni la mdhamini liandike hata kama halijakufikia, kwa sababu likikufikia halibishi hodi. Sheria haiangalii nani aliendesha pikipiki. Inaangalia nani aliweka sahihi.

Geuza asilimia kuwa shilingi

Hapa ndipo penye kazi yote, kwa hiyo nenda polepole.

Wanaokopesha wanapenda kusema asilimia kwa sababu asilimia haina uso. "Tisa tu." "Kumi na tano tu." Wewe jiulize swali moja: kila laki moja niliyonayo ya mtu huyu, inanila shilingi ngapi kwa mwezi?

Mkopo wa simu wa asilimia 9 kwa siku 30, kama ule wa MoKash, unakula 9,000 kwa kila laki. Mkopeshaji wangu alidai asilimia 15 kwa mwezi: 15,000 kwa laki. Kikundi, asilimia 5: 5,000 kwa laki. Hajati, dada na shule, sifuri.

Sasa zidisha. Simu ilinila 18,000 kwa mwezi, kikundi 30,000, mkopeshaji 150,000. Jumla 198,000 kila mwezi, na hapo sijapunguza hata shilingi moja ya deni lenyewe. Kibanda kiliniachia wastani wa 520,000 kwa mwezi baada ya kodi ya chumba. Katika kila shilingi 100 niliyopata, 38 zilikuwa zimeshaondoka. Mkopeshaji peke yake alikuwa na 5,000 zake kila siku, Jumapili ikiwemo, sikukuu ikiwemo, siku ambayo mtandao umekatika na sijahudumia mtu hata mmoja ikiwemo. Nilikuwa naamka nikiwa nimeshadaiwa.

Mkopo wa simu una ujanja wake. Ni mdogo, kwa hiyo huonekana hauna madhara. Mimi nilikuwa nalipa 218,000 leo na kukopa tena 200,000 kabla jua halijazama. Nilijiona mlipaji mzuri, na simu yenyewe ilinisifu kwa kuniongezea kiwango. Fanya hesabu ya mwaka: 18,000 mara kumi na mbili ni 216,000. Ningekuwa nimelipa zaidi ya deni lote, na bado nadaiwa 200,000 zilezile. Tena mteja wa kawaida huongeza ada ya kutoa hela kwa wakala, na ile kodi ya nusu asilimia ya kutoa iliyobaki baada ya kelele za 2018 za kupinga kodi ya pesa za simu. Mkopo wa asilimia 9 ukifika mkononi si wa 9 tena.

Wapo wanaofundisha kwamba uanze na deni dogo kuliko yote ili upate moyo. Mimi sikubaliani nao. Moyo haununui unga. Anza na linalokula zaidi kwa kila laki. Likiwa pia ndilo lililoshika kiwanja chako, hakuna hata haja ya kubishana.

Mkopeshaji: jinsi ya kumtoka

Nilikwendaje kwake? Shule zilifunguliwa tarehe 10 Januari 2022 baada ya kufungwa karibu miaka miwili. Wazazi wote wa Uganda walihitaji fizi, yaani ada, wiki moja. Mpaka ulikuwa umelala kwa sababu ya korona, mzee wangu alikuwa amekaa nyumbani miezi, floti yangu, ile hela ya wakala ya kuhudumia wateja, nilikuwa nimeshaila. Mkopeshaji hakuuliza maswali. Aliuliza karatasi ya kiwanja tu.

Na hapa nilifanya kosa ambalo nawaomba msilirudie. Karatasi aliyonipa kusaini haikuandikwa mkopo. Iliandikwa mauziano. Yaani kwa mujibu wa karatasi ile, nilikuwa nimemuuzia kiwanja changu kwa milioni moja, na tukapatana kwa mdomo kwamba nikilipa atairudisha. Niliona, niliisoma, nikaambiwa "ni utaratibu tu, sista". Sikuwa mjinga. Nilikuwa na haraka.

Kwa hiyo kabla ya kuchukua hela kwa mkopeshaji yeyote, angalia haya. Muombe leseni yake, na iwe ya mwaka huu. Chini ya sheria ya 2016 ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji, kazi hii inahitaji leseni, na mwenye nayo huitundika ukutani kwa fahari. Asiyekuwa nayo atakwambia iko kwa wakili. Sheria hiyohiyo inamkataza kushika kitambulisho chako cha taifa, pasipoti au kadi yako ya benki kama dhamana, kwa hiyo akinyoosha mkono kuomba kitambulisho "kikae hapa", umeshamjua ni wa aina gani. Mwaka 2024 serikali iliweka kikomo cha riba ya wakopeshaji: asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani 33.6 kwa mwaka. Kwa milioni yangu ingekuwa 28,000 kwa mwezi, si 150,000. Kikomo hicho kilikuja nikiwa nimeshamaliza, lakini wewe unacho, kitaje kwa sauti. Makubaliano yawe na neno mkopo, kiasi, riba, muda, na kila mmoja abaki na nakala yenye sahihi. Usiandike hundi ya tarehe ya mbele kama huna uhakika wa akaunti. Deni ni kesi ya madai, lakini hundi inayorudi inaweza kukupeleka kwenye kesi ya jinai.

Kumtoka nilimtoka hivi. Utasikia watu wakisema usikope kulipa deni. Neno zuri, lakini halijakamilika. Unaweza kukopa kulipa deni kama mkopo mpya unakula kidogo kwa laki kuliko wa zamani, kama la zamani linakufa lote siku hiyohiyo, na kama ulichoweka dhamana kinarudi mkononi. Likikosekana moja kati ya hayo, unahamisha jiwe kutoka bega moja kwenda jingine.

Kikundi chetu kinakopesha mara tatu ya akiba ya mtu. Mimi nilikuwa na akiba ya 340,000, kwa hiyo mwisho wangu ulikuwa 1,020,000, na 600,000 nilikuwa nimeshachukua. Zikabaki 420,000. Niliuza friji ya kibandani iliyokuwa ikipoza soda, ikatoka kwa 350,000. Kaka yangu wa Tororo akanikopesha 230,000 bila riba, baada ya kunisema kwa muda ambao naona ulikuwa na thamani ya riba. Ikatimia milioni.

Friji iliniuma. Soda zilikuwa zikiniingizia kama 40,000 kwa mwezi. Lakini fanya hesabu nami: baada ya kumlipa mkopeshaji, riba yangu ya mwezi ilishuka kutoka 198,000 hadi 69,000. Niliokoa 129,000 nikapoteza 40,000. Zikabaki 89,000 ambazo jana hazikuwa zangu.

Siku ya kulipa usiende peke yako. Mimi nilimwomba mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, tukutane ofisini kwake, mkopeshaji akaja akiwa amenuna. Kwanza akataka riba ya mwezi ulioanza siku nne tu zilizopita, 150,000 kamili. Tulivutana, mwenyekiti akisema, "Mzee, huyu mama ameleta mtaji wako wote, mwachie kidogo," mpaka tukakubaliana 100,000, ambazo nilizitoa kwenye kamisheni ya wiki. Kisha akanipa karatasi. Nikaipokea, nikaigeuza. Kalamu ya wino ikiandika hukandamiza karatasi, ukipitisha kidole nyuma ya sahihi unasikia mabonde. Ile ilikuwa laini kama uso wa mtoto. Ilikuwa fotokopi! Nikamwambia, "Baba, ya kwangu ni ile niliyoandika kwa mkono." Akaenda kuichukua kwenye pikipiki. Tuliandika juu yake "deni limelipwa lote", tarehe, sahihi zetu, muhuri wa LC1. Ipo hadi leo ndani ya Korani ya bibi yangu, mahali ambapo hakuna mtoto anayethubutu kuchezea.

Kushuka ngazi ya simu

Mkopo wa simu ndio uliofuata, kwa sababu 9,000 ni kubwa kuliko 5,000. Kuukata ghafla nilishindwa mara mbili. Nalipa 218,000, kibanda kinabaki hakina floti, mteja anakuja kutoa laki mbili namrudisha, kesho nakopa tena. Kwa hiyo nilishuka kwa ngazi. Septemba nilipolipa 218,000 nilikopa 120,000 tu. Oktoba nikalipa 130,800, nikakopa 50,000. Novemba nikalipa 54,500 na kufunga. Kama unaona aibu kushuka ngazi, kumbuka ndiyo njia uliyopandia.

Ukishafunga, futa zile programu za mikopo kwenye simu. Hasa zile zinazoomba ruhusa ya kusoma namba za watu wako, maana ukichelewa zinaweza kumpigia mchungaji wako. Nchi ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na mtu aliyetangazwa hivyo anaweza kulalamika. Lakini aibu ikishatoka nje hairudi ndani kwa barua.

Salio la kukopa la kupiga simu nalo ni deni. Wengi hawalihesabu. Wanaweka elfu mbili, inaliwa yote na salio la jana, wananitazama mimi kama ndiye niliyeiba.

Nenda kabla hujaitwa

Kwa wasiotoza riba, kosa kubwa ni kuwakimbia. Mimi nilikuwa nazunguka njia ya nyuma ya soko ili nisipite dukani kwa Hajati. Nilijua ratiba yake ya swala ili nijue saa ya kupita. Mtu mzima.

Nilipokwenda nilibeba daftari na 5,000. Usiende mikono mitupu, na usiende na ahadi kubwa. Nilimwambia, "Asalaam aleikum, Hajati. Nimekuja mwenyewe. Nakudai radhi, na wewe unanidai 380,000. Nitaleta elfu tano kila Jumamosi, na zikipatikana zaidi nitaongeza. Bidhaa sichukui tena kwa daftari mpaka nimalize." Alinitazama, akavua miwani, akasema, "Binti yangu, ungekuja mwezi wa tatu nisingekuwa nimekusema vibaya kwa watu." Akaandika 5,000 kwenye kitabu chake. Ndiyo hivyo. Miezi mitano ya kuzunguka soko, kumbe mazungumzo yenyewe hayafiki dakika tano.

Shuleni nilikwenda kwa mhasibu, si kwa mwalimu mkuu, kwa kuwa mhasibu ndiye anayejua nani analipa vipi. Tuliandika 70,000 kila mwezi kwa miezi sita. Alitaka tatu. Nilimfungulia daftari, akaona mwenyewe. Mzee wangu alikuwa amerudi barabarani, akabeba ada mpya ili hii ya zamani isizae mtoto.

Kiasi unachoahidi kiwe kile unachoweza kutoa mwezi mbaya, si mwezi mzuri. Mdai anapoteza imani zaidi kwa ahadi ya 50,000 iliyovunjika kuliko kwa 5,000 inayofika kila Jumamosi.

Na ukiletewa karatasi ya mahakama, usiifiche chini ya godoro. Watu wanatishwa na polisi kwa madeni kila siku hapa mpakani, na kudaiwa peke yake si kosa la jinai. Lakini mahakama ikishatoa hukumu na wewe hutokei wala hulipi, mdai anaweza kuomba ufungwe jela ya madai, hadi miezi sita, na ukitoka deni bado lipo. Mwenye kutokea akaeleza kipato chake na kuomba kulipa kidogo kidogo husikilizwa. Kwa madai yasiyozidi milioni 10 upo utaratibu wa madai madogo kwa hakimu, ambao hauhitaji wakili. Wengi wanaogopa gharama ya wakili kuliko deni lenyewe.

Kikundi, na hela ya parishi

Kikundi chetu kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa akina mama watatu, sanduku lenyewe liko kwa wa nne. Tunakutana kila Jumapili alasiri, kila mmoja ananunua hisa, tunagonga muhuri kwenye kitabu, Desemba tunagawana. Riba ya 5,000 kwa laki si ndogo, benki wana nafuu zaidi kama watakukubali. Tofauti ni kwamba riba ya kikundi hurudi Desemba kwenye mgao, na ukichelewa wanaokuja nyumbani ni watu waliomzika mama yako.

Lakini hawana mchezo. Sheria yetu: hakuna kugawana na deni mezani. Desemba 2022 nilikuwa bado nadaiwa 620,000. Mgao wangu ulikuwa 520,000. Waliuhesabu mbele yangu, noti kwa noti, kisha wakaurudisha wote ndani ya sanduku. Laki iliyobaki alilipa mzee wangu kwa posho ya safari. Wenzangu walikwenda nyumbani na sukari na vitenge, mimi nikaenda na kitabu kisicho na deni. Krismasi ile jirani alitupikia pilau, tukamshukuru.

Kuhusu mkopo wa Parish Development Model, mpango wa serikali wa kukopesha kaya kupitia parishi, uliozinduliwa Kibuku Februari 2022, naulizwa dirishani kila wiki. Kaya inaweza kupata hadi milioni moja kupitia SACCO, chama cha akiba na mikopo, ya parishi, kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Igeuze: ni kama 500 kwa laki kwa mwezi. Hakuna mkopo wa bei hiyo mji huu. Ndiyo sababu inanisikitisha kuona mtu anaipokea saa nne asubuhi na saa tano amewapelekea wakopeshaji. Hela ile imetolewa kwa ajili ya kuku, nguruwe, kahawa, kitu kinachozaa, na itaulizwa. Kama unadaiwa, maliza kwanza mazungumzo na wadai wako, kisha iache ifanye kazi iliyokuja kufanya.

Kinachorudisha watu

Nimeona wengi wakitoka na kurudi. Karibu wote wanarudishwa na kitu kilekile, nacho si ugonjwa wala msiba. Ni fizi. Msiba hauna tarehe, lakini muhula una tarehe, mara tatu kwa mwaka, na bado unatukuta kama wezi.

Mimi sasa naigawa kwa wiki. Ada ya 420,000 mara tatu ni 1,260,000 kwa mwaka. Gawanya kwa wiki 52, ni kama 24,230. Kila Jumatatu naitoa kabla ya kununua kitu kingine na kuipeleka kwenye akaunti ya shule moja kwa moja, hata likizo, hata mhasibu akicheka. Sitaki ikae kwenye simu. Hela iliyoko kwenye simu ya wakala ni floti, na floti haina mwenyewe.

Friji nilinunua nyingine mwaka uliopita, ndogo, ya mtumba. Nilisubiri mpaka hela yake imetimia yote.

Hajati ndiye niliyemmaliza wa mwisho, Jumamosi moja ya Julai 2023. Alipiga mstari mwekundu kwenye ukurasa wangu, akapuliza wino, akafunga kitabu. Kisha palepale, kabla sijainuka kwenye benchi, akauliza, "Haya binti yangu, nikuandikie katoni ngapi za biskuti?"

Nikamwambia mbili, na nikatoa hela.